Nimeitengenezea njia ya hewa na mafuta mwenyewe, sasa pikipiki inazimika ikishachanganya

BARUA

Kaka fundi habari za kazi. Nakuandikia nikiwa nimechoka kweli, ila pikipiki naipenda na sitaki kuiuza, mjomba ndiye aliniachia. Ni ya mwaka 1984, silinda mbili, kabureta mbili zile zenye diaframu juu, ilikaa muda mrefu bila kutembea.

Nilipoifungua nikakuta mipira ya kuunganisha kabureta na boksi la filta imekakamaa, nimehangaika kuirudisha ikagoma, nikaamua boksi lote nitoe. Nikakata vipande viwili vya bomba la plastiki la maji, nikavichomeka kwenye midomo ya kabureta, nikaziba na silikoni, mbele nikaweka filta mbili za koni. Rafiki yangu akaniambia hewa ikiwa nyingi lazima uongeze mafuta, kwa hiyo jeti kubwa, vile vitundu vya kupitishia mafuta ndani ya kabureta, nikazitoboa kidogo na drili.

Upande wa mafuta, koki ya zamani ilikuwa ile ya kufunguka yenyewe kwa upepo wa injini, ikawa inavuja, nikaweka koki ya kawaida ya kufungua kwa mkono. Kale kampira kembamba kalikokuwa kanaenda kwenye injini upande wa kushoto nikakachomoa tu kwa sababu hakana kazi tena. Hosi nimetumia ile ya kung'aa ya kuwekea hewa kwenye tanki la samaki, katikati nikaunga kipande cha bomba la shaba la friji ili isijikunje, pale inapita juu ya ekzosi, na nikaweka filta ya petroli ya gari maana tanki lina kutu. Nimekaza na waya.

Sasa shida. Ikipata moto resi inabaki juu haishuki haraka, nikiachia resi inapiga mabomu kwenye ekzosi, katikati ya resi inakohoa, na barabarani nikivuta moto kwa muda inaanza kufa taratibu mpaka inazimika, nikisubiri dakika chache inawaka kama haijatokea kitu. Plagi ya kushoto nyeupe, ya kulia nyeusi ti. Oili imepanda juu ya alama na mimi sijaongeza oili, na ina harufu ya petroli. Koki huwa nasahau kuifunga usiku. Pia kuna hosi nene inayotoka juu ya injini ilikuwa imeingia kwenye boksi la filta, sasa inaning'inia tu na inadondosha oili kidogo.

Niongeze jeti au nipunguze? Na ni kweli kutoa boksi kunaongeza nguvu? Naomba msaada kaka, wiki ijayo nataka nianze kumpakia mdogo wangu.

Wako, mrithi wa pikipiki

JIBU

Mdogo wangu, asante kwa kuandika kwa kirefu namna hii, wengi wananiandikia "pikipiki inamisi nifanyeje" halafu basi, wewe umenipa mpaka rangi ya plagi na harufu ya oili na hapo ndipo majibu yalipo. Nitakujibu la jeti ila sio sasa hivi. Kwanza nakuomba usiiwashe. Sio usiende nayo mbali, nasema usibonyeze hata kitufe cha stata mpaka umalize mambo mawili ya kwanza hapa chini, na mdogo wako asipande kabisa kwa sasa.

Tuanze na oili kwa sababu ndiyo inayonitisha. Oili haipandi yenyewe, kilichoingia ni petroli. Koki yako ya zamani ilikuwa inafunga yenyewe injini ikizima, hii mpya ukiisahau wazi petroli inashuka usiku kucha kwa uzito wake, kinachobaki kuizuia ni sindano ndogo ya boya ndani ya kabureta tu, na kwenye pikipiki ya 1984 iliyokaa sana hiyo sindano mara nyingi imeshalika au ina uchafu. Petroli ikishajaza kikombe cha kabureta inafurika, inaingia kwenye silinda, inapita pembeni ya ringi za pistoni inashuka kwenye oili. Plagi ya kulia kuwa nyeusi inanifanya niamini kabureta ya kulia ndiyo inayofurika. Sasa hatari yake iko mara mbili: oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi, hailindi beringi wala kemshafti, na mbaya zaidi silinda ikiwa na petroli nyingi ndani pistoni inapanda inakutana na kimiminika, na kimiminika hakibanwi kama hewa, ukipiga stata hapo unaweza kukunja konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo funga koki, zima swichi, chomoa waya hasi wa betri, toa plagi zote mbili, weka gia ya juu kabisa na uzungushe tairi la nyuma kwa mkono mpaka silinda zitapike kama kuna kitu. Usifanye kwa stata maana cheche za plagi na petroli inayoruka hewani havikai pamoja. Halafu mwaga oili yote, badilisha na filta yake, na usiweke oili mpya ukaiacha na kabureta inayofurika, utakuwa umemwaga oili bure. Fungua vikombe vya kabureta, toa boya, litikise karibu na sikio, ukisikia kimiminika ndani boya limetoboka. Weka sindano mpya na kikalio chake pande zote mbili, sio kulia peke yake, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Jambo la pili ni hiyo njia ya petroli na hapa sitakuwa mpole. Itoe yote. Hosi ya tanki la samaki haikutengenezwa kwa petroli, inakuwa laini mwanzoni kisha inakakamaa, inasinyaa, siku moja inachomoka kwenye kidomo au inapasuka pale penye waya, na wewe umeipitisha juu ya ekzosi! Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa kwa hiyo unatambaa chini unajikusanya, ndiyo maana kwenye chumba kilichofungwa hata cheche ya mbali inatosha. Bomba la shaba nalo kwenye pikipiki ni tatizo, linatikisika muda wote, shaba ikitikisika sana inakuwa ngumu halafu inapata ufa, tena inapitisha joto vizuri kwa hiyo petroli inachemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta.

Unachotakiwa kununua ni hosi ya petroli yenyewe, imeandikwa ubavuni SAE J30 R7, hiyo ndiyo ya injini za kabureta, ukikuta ya R9 ya injini za injekta, zile zinazopuliziwa petroli kwa presha ya pampu, nayo inafaa ila ni ngumu kukunja. Hosi ya silikoni ya kawaida iliyotengenezwa kwa maji usiikubali hata kama inaonekana nene na nzuri, silikoni inavimba ikinywa petroli. Pima kidomo cha koki na cha kabureta kabla hujanunua, hosi iingie kwa kusukuma kidogo, ikiingia yenyewe ni kubwa na hakuna klipu itakayoiokoa. Klipu tumia zile za springi, au za kukaza na skrubu ambazo utepe wake hauna matundu, zile za matundu kwenye hosi ndogo zinakata mpira. Waya tupa. Kiungo cha tawi cha kugawa mafuta kwenda kabureta mbili, kama nacho ni cha plastiki ya tanki la samaki, nacho tupa, weka cha shaba nyeupe au kile cha asili. Hosi yote ishuke bila kupanda popote, mbali na ekzosi, na isiguse chuma kinachotikisika.

Ukishuka kwenye filta ya gari ndipo tunafika kwenye ile shida ya kuzimika barabarani. Pikipiki yako haina pampu, petroli inashuka yenyewe, na urefu wa sentimita kama 30 kutoka tanki mpaka kabureta unatoa presha kama ya bar 0.02 tu. Filta ya gari, hasa la injekta, imetengenezwa kwa pampu inayosukuma karibu bar 3, sasa utaona mwenyewe kwa nini petroli yako inapita kwa shida. Ukienda taratibu vikombe vinajaa, ukivuta moto kwa muda injini inakunywa haraka kuliko inavyojazwa, vikombe vinakauka inakufa, ukisubiri vinajaa tena inawaka. Ndicho ulichoandika neno kwa neno.

Kuhakikisha, fanya hivi ukiwa nje, injini ya baridi, bila mtu anayevuta sigara karibu: chomoa hosi kwenye kabureta, ielekeze kwenye chupa yenye vipimo, fungua koki dakika moja. Hesabu yake ni rahisi, pikipiki inayotumia lita 1 kwa kilomita 20 ikienda 120 kwa saa inakula lita 6 kwa saa, yaani mililita 100 kwa dakika, basi hosi ikupe angalau mara mbili ya hapo na mkondo usiwe unapungua kadiri dakika inavyokwenda. Ukipima mfuniko wa tanki ukiwa umefungwa, mkondo ukapungua, halafu ukifungua mfuniko mkondo ukarudi, ujue tundu la kupumulia kwenye mfuniko limeziba, kutu na vumbi huwa vinaliziba sana kwenye matanki ya zamani. Na kutu yenyewe dawa yake sio filta kubwa, ni kusafisha tanki. Baada ya hapo kichujio cha wavu kilicho ndani ya koki kinatosha, ukitaka cha ziada weka kile kidogo cha wavu kinachouzwa kwa ajili ya pikipiki.

Sasa hewa. Plagi ya kushoto nyeupe, resi inabaki juu, mabomu kwenye ekzosi, vyote vitatu vinasema kitu kimoja, silinda ya kushoto inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Na umeniambia inapoingilia. Kale kampira kembamba ulikokachomoa kalikuwa kananyonya upepo kutoka silinda ya kushoto kufungua koki, umeondoa koki ukaacha kidomo wazi, kwa hiyo kila mara injini inapovuta inavuta na hewa tupu pale. Mafuta yanakuwa haba upande huo na silinda inapata joto kuliko inavyotakiwa, ukiendelea hivyo kwa mwendo mrefu pistoni inaweza kuyeyuka tundu. Weka kifuniko cha mpira kinachobana na klipu juu yake. Nadhani kitu hiki kidogo peke yake kitakubadilishia pikipiki kuliko jeti zote ulizotoboa.

Ukishafunga, na oili na hosi ziko sawa, iwashe uiache ingurume, chukua chupa ya kupulizia maji upulize kidogo kidogo kuzunguka mipira iliyo kati ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika unapopuliza sehemu fulani hapo pana ufa. Najua wengi wanatumia spreyi ya kusafishia kabureta kwa jaribio hili, inafanya kazi, ila inawaka moto na wewe ndiyo kwanza umetoka kwenye hosi ya samaki, tumia maji.

Kuhusu kukohoa katikati ya resi: kabureta za diaframu hazifunguliwi na kebo moja kwa moja kama zile za zamani zaidi. Wewe unafungua kipepeo tu, yaani kile kibati kinachozunguka kupitisha hewa, slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta, inapandishwa na tofauti ya presha, juu ya diaframu presha ndogo na chini yake presha ya hewa ya kawaida, na hiyo ya chini inatokea kwenye matundu madogo yaliyo kwenye mdomo wa kabureta, pale pale ulipochomeka bomba lako la plastiki. Chungulia. Nina uhakika mkubwa kwamba ukingo wa bomba au silikoni umefunika tundu moja au yote, na hata filta nyingi za koni za bei rahisi zina mdomo wa mpira mnene unaofunika matundu hayo hayo. Slaidi inapanda kwa kusitasita, injini inakohoa. Silikoni yenyewe nayo sio ya kutumia popote petroli inapofika, inalegea, inavunjika vipande, vipande vinaingia kwenye jeti.

Swali lako la nguvu. Hapana, kwa pikipiki kama yako kutoa boksi peke yake mara nyingi kunapunguza nguvu ya katikati, ile unayoitumia kila siku. Ukubwa wa boksi na urefu wa mabomba yake ulipimwa pamoja na kabureta, boksi linatuliza hewa ili slaidi ipande sawa, linazuia upepo wa pembeni na mvua. Unachosikia ukilitoa ni mlio wa kuvuta hewa, umekuwa mkubwa, na masikio yanaamini pikipiki imeongezeka. Wapo watu wenye filta za koni zinazofanya kazi vizuri, sikatai, ila wametumia muda mwingi kubadilisha jeti na sindano, tena kwenye injini ambayo tayari ilikuwa nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu ni rudisha boksi. Mipira iliyokakamaa haijafa mpaka ipasuke, iloweke kwenye maji ya moto dakika kadhaa au ipashe na mashine ya kukaushia nywele, italainika vya kutosha. Na kuna mpangilio ambao watu wengi hawaujui ndiyo maana wanahangaika mpaka wanakata tamaa: legeza boliti za boksi kwanza, lisukume nyuma kadiri linavyoweza, chomeka kabureta kwenye mipira ya upande wa injini ukaze, halafu ndiyo ulete boksi mbele likutane na kabureta mipira ikiwa bado ya moto, ukimaliza kaza boliti. Kama mipira imepasuka tafuta mingine, usizibe na kitu.

Boksi likirudi ile hosi nene nayo inarudi kwake. Hiyo ni ya kupumulia injini, inatoa mvuke wa oili, na kuiacha inadondosha karibu na tairi la nyuma ni hatari ya kuteleza kwenye kona. Ifute hiyo oili kwenye tairi leo hata kabla hujafanya kingine chochote.

Jeti ulizotoboa tafuta mpya zenye namba ya kiwandani ya pikipiki hiyo. Ukipanua tundu la milimita 1.1 likawa 1.3, macho yanaona kitu kidogo ila eneo limeongezeka karibu asilimia 40, na drili inaacha ukingo uliokwaruzika kwa hiyo jeti mbili hazitakuwa sawa tena. Namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine pia, kwa hiyo nunua za aina ya kabureta yako.

Ukiona baada ya yote haya bado unataka filta za koni, sitakuzuia, ila anza na pikipiki inayotembea vizuri na boksi lake kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati. Bandika selotepu kwenye mshikio wa resi uweke alama za robo, nusu, robo tatu. Ikisumbua mpaka robo angalia jeti ndogo na skrubu yake, robo mpaka robo tatu ni sindano ndefu ya slaidi, kuinuka kwake kunaongeza mafuta, robo tatu kwenda juu ndiyo jeti kubwa. Kujua kama mafuta ni haba au yamezidi, ikiwa inasumbua vuta choki kidogo: ikipata nafuu mafuta ni haba, ikizidi kuwa mbaya yamezidi. Na filta ya koni utakayonunua ipime kwa kupaka grisi nyembamba ndani ya mdomo wake nyuma ya filta, tembea nayo, halafu pitisha kidole, ukisikia mchanga iondoe kwa sababu huo mchanga ndio unaokula ringi.

Mdogo wako apande akiwa abiria baada ya wewe mwenyewe kuizungusha vya kutosha, na kila ukisimama kagua unyevu kwenye hosi na kipimo cha oili, kikipanda tena hata kidogo sindano za boya bado hazifungi. Koki hiyo ya mkono inafaa kama utaifunga kila unapozima, ukijijua ni msahaulifu tafuta ile ya upepo mpya urudishe na kampira kake.

Niandikie tena ukishaziba kile kidomo cha kushoto, uniambie resi inashuka vipi na plagi zote mbili zimekuwa rangi gani, tunatafuta kahawia hafifu pande zote, na kama ya kulia bado nyeusi baada ya sindano mpya na jeti za kiwandani niambie pia kimo cha petroli kwenye vikombe, tutaendelea kutokea hapo.